Darsa ya Ramadhani, siku ya 16: Fundi Amebahatisha, Nani Alipe?



Leo ilikuwa tuendelee na zaka ya mpunga, lakini nimeletewa swali ambalo naona haliwezi kungoja. Kuna watu wawili wanasali safu moja katika msikiti wetu na hawasalimiani, na hii ni Ramadhani. Zaka tutairudia kesho inshaAllah.

Swali lenyewe ni hili. Ndugu yetu mmoja hapa Kisawasawa (ameniruhusu nieleze, sharti nisitaje jina) ana Honda CG125 ya kizamani aliyoachiwa na baba yake, Allah amrehemu. Pikipiki hiyo ina ugonjwa. Inawaka kiki ya kwanza, inaondoka vizuri tu, halafu ikikaribia Kiberege inaanza kupungua nguvu, inakohoa mara mbili tatu, inazima. Unapiga kiki weee, kimya. Unaisukuma pembeni, unakaa chini ya mwembe. Baada ya robo saa unapiga kiki moja, hii hapa inaunguruma kama vile haijawahi kuzima maishani mwake. Unakwenda kidogo, yale yale.

Ameizungusha kwa mafundi watatu kwa muda wa miezi miwili. Wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akabadilisha koili. Wa tatu akaweka kabureta mpya nzima. Kila mara pikipiki ilitoka gereji ikiwa nzima, na kila mara ikazima njiani. Mwisho wa yote ikamzimia saa nane mchana, amefunga, jua kali, na nyuma amebeba kiroba cha unga. Mzee mmoja anapita na baiskeli yake akamwambia, "Mwanangu, usiguse kitu kingine, fungua mfuniko wa tangi." Akafungua. Tangi likavuta pumzi: fyuuu! Akapiga kiki moja, ikawaka. Kumbe kile kitundu cha kupitishia hewa kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na tope na kutu. Mzee akakizibua kwa mwiba, akapanda baiskeli yake, akaenda zake. Hakuomba hata mia.

Sasa ndugu yetu anauliza mambo mawili. Je, ana haki ya kudai pesa zake kwa wale mafundi watatu? Na yule mmoja anayeona kwamba alimdanganya, akimnunia ana makosa?

Najua wengine mmeshaanza kungoja niseme moyo wa mwanadamu ni kama tangi na dhambi ni kama tope kwenye kitundu. Sisemi. Moyo tuuache leo. Leo tuna pesa za watu.

Maana tazama jambo moja katika Suratul Baqara, ambalo tunalisoma kila mwaka na kulipita. Aya za funga zinaanzia ya 183 mpaka ya 187. Humo tumeambiwa nani anafunga, nani ana udhuru, na usiku tunaruhusiwa nini mpaka alfajiri ibainike. Ile inayofuata, ya 188, haizungumzii tende wala daku. Inakataza watu kuliana mali zao kwa batili. Imekaa hapo hapo, mlangoni mwa aya za funga. Umezuiwa kula chakula chako mwenyewe mchana mzima, chakula cha halali ulichokinunua kwa jasho lako, halafu jioni ufuturu kwa pesa ya mtu uliyomwambia umepima koili na hukupima?

Lakini tusiwahi kuhukumu. Kwanza tuwatendee haki mafundi, na ili tuwatendee haki inabidi tuuelewe ugonjwa wenyewe. Vijana wa bodaboda mliomo humu mnivumilie, ninyi mnajua zaidi.

Honda CG125 ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na walioibuni waliwafikiria watu wa nchi kama zetu, ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na matunzo huja kwa msimu. Ndiyo maana injini yake ikafanywa rahisi na ngumu, valvu zinasukumwa na vyuma viwili vya fito badala ya mnyororo, na ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina mnazopanda leo zimeigiza injini ile ile. Mafuta yake hayasukumwi na pampu. Yanashuka yenyewe kutoka kwenye tangi, yanapita kwenye koki, yanaingia kwenye kabureta. Sasa kumbuka kopo la maziwa. Ukilitoboa tundu moja tu, maziwa yanadondoka matone mawili yanagoma. Ukitoboa la pili upande wa pili, hewa inaingia na maziwa yanatiririka. Tangi ni hivyo hivyo. Kila tone la mafuta linaloshuka linadai hewa iingie mahali pake. Kitundu kikiziba, mafuta yanashuka kwa muda, kisha yanashikwa, kabureta inakauka, injini inazima. Ukikaa robo saa, hewa inapenyapenya kidogo kidogo kwenye mpira wa mfuniko, mafuta yanaachiwa, pikipiki inawaka. Na wala haisaidii kujaza tangi. Likiwa limejaa, nafasi ya hewa mle ndani ni ndogo, kwa hiyo linashikwa mapema zaidi. Ndugu yetu alishangaa sana kwamba siku anayojaza mafuta ndiyo siku inayozima haraka. Aliona kama uchawi.

(Na wale mnaoweka kipande cha nailoni chini ya mfuniko wakati wa masika ili mvua isiingie kwenye tangi, mjue mnaziba kitundu hicho hicho kwa mikono yenu. Mifuko ya plastiki yenyewe imepigwa marufuku tangu Juni 2019, sijui mnaitoa wapi.)

Hapa ndipo pagumu. Fundi akiletewa pikipiki inayozima, jambo la kwanza anafanya nini? Anafungua mfuniko achungulie kama mafuta yapo. Pale pale, bila kujua, ameuponya ugonjwa. Hewa imeingia. Anaufunga mfuniko, anabadilisha plagi, anapiga kiki, inawaka. Anazunguka nayo mpaka sokoni na kurudi, haizimi, kwa sababu safari ni fupi. Macho yake yamemshuhudia kwamba plagi ndiyo ilikuwa tatizo! Wa pili naye hivyo hivyo kwa koili. Na koili kweli huwa na tabia hiyo. Ikichoka, ikipata moto inakata, ikipoa inarudi, dalili zile zile kabisa za mfuniko. Kwa hiyo aliyeituhumu koili hakutuhumu kitu cha kijinga.

Basi tusiseme kwamba kila aliyekosea amedhulumu. Sheria yetu haikumkataza mtu kufanya kazi kwa dhana. Msafiri aliyepotewa na kibla hufanya jitihada. Anatazama jua, anatazama nyota, anauliza, kisha anaelekea anakoona ndiko, na anasali. Lakini mafakihi wetu wa Kishafii wakasema neno zito: akisali bila jitihada yoyote, akaelekea popote tu, sala yake haisihi hata ikitokea kwamba kule alikoelekea ndiko kwenye kibla. Umeona? Wametazama kama alitafuta au hakutafuta. Kupatia peke yake hakujamwokoa. Ukilishika hilo, nusu ya swali letu imejibika. Usimwulize fundi tu, "Ulipatia?" Mwulize, "Ulitafuta? Na uliponieleza ulichokipata, ulisema kweli?"

Sasa tuje kwa mmoja mmoja.

Fundi wa kwanza, kwa maelezo ya mwenye pikipiki mwenyewe, alisema hivi: "Kaka, kwa kweli sijui hasa. Tuanze na plagi, ndiyo rahisi, isipokuwa hiyo tutaangalia kingine." Akataja bei ya plagi na bei ya kazi, wakakubaliana. Huyu hana deni. Mkataba wao ni ijara, yaani kuajiri kazi kwa ujira. Kazi ilijulikana, ambayo ni kutoa plagi na kuweka plagi, na ujira ulijulikana. Kazi imefanyika. Hakuahidi kwamba haitazima. Umeinunua jitihada yake, na jitihada umepewa. Kumdai huyu ni wewe sasa kutaka kula jasho la mtu.

Ndugu yetu akaniambia, "Lakini sheikh, mpira wa mafuta ulimkatikia mkononi, nikanunua mwingine." Nikamuuliza ulikuwaje. Ulikuwa umekauka, una nyufa. Basi hapo napenda niwasimulie jambo ambalo walimu wetu hulisimulia kila tukifika mlango wa ijara. Je, fundi akiharibu kitu cha mteja bila uzembe, analipa? Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akiwadhaminisha mafundi ili mali za watu zisichezewe. Imam Shafii, kwa anavyotusimulia mwanafunzi wake Rabii, aliamini kwamba fundi hana dhamana isipokuwa kwa alichokiharibu kwa mkono wake kwa kuvuka mpaka. Ila hakuwa akiitangaza rai hiyo. Kwa nini? Alichelea mafundi wabaya. Aliogopa kwamba wakiisikia watalegeza mikono na kusema, imam ametusamehe.

Mimi kila nikiikumbuka habari hiyo husimama kidogo. Mwanachuoni mkubwa kiasi kile ana hukumu anayoiona kuwa ndiyo haki, na anaizuia isitoke kinywani mwake kwa sababu anawajua watu wa sokoni. Sasa mimi nimeitangaza kwenye simu zenu, na mafundi mmo humu zaidi ya kumi. Msinitie aibu. Mpira uliokauka ukikatika kwa kuchomolewa kwa adabu, hulipi. Ukivutwa kwa koleo kwa sababu una haraka ya kufuturu, hiyo ni juu yako.

Fundi wa tatu ana habari nyingine. Kwake huyu ndugu yetu alishachoka, akamwambia: "Sitaki kujua utafanya nini. Nitengenezee isizime tena, nitakupa elfu hamsini ya kazi, spea nitanunua mimi." Fundi akasema sawa. Hii siyo ijara. Kazi haijulikani, hakuna anayejua kama ni ya dakika tano au ya siku tano. Katika fiqhi yetu mkataba huu unaitwa juala, na mfano wake wa vitabuni ni mtu aliyepotelewa na ngamia akasema, atakayenirudishia nitampa kadhaa. Dalili yake wanaitoa katika Suratu Yusuf, aya ya 72, pale ilipotangazwa shehena ya ngamia mmoja kwa atakayekileta chombo cha mfalme. Na masahaba waliomsomea ruqya mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu waliahidiwa kundi la mifugo kwa sharti la kupona. Alipopona wakapewa, na Mtume (s.a.w.) hakulikataa.

Ugonjwa unaojificha kwenye pikipiki kuukuu ni ngamia aliyepotea hasa. Lakini juala ina ukali wake. Malipo yanafungamana na matokeo. Ukimtafuta ngamia siku tatu usimpate, huna kitu. Ukimpata ukamleta akatoroka kabla hujamkabidhi, huna kitu. Kwa hiyo fundi wa tatu alilipwa elfu hamsini kwa kuizungusha pikipiki mbele ya gereji dakika tano, na kesho yake ikazima pale pale karibu na Kiberege. Sharti lilikuwa "isizime tena". Halikutimia. Ile elfu hamsini hakuwa ameistahiki bado, na anapaswa kuirudisha, au amalize kazi aliyoahidi. Sasa kazi imeshamalizwa na mwiba wa mzee, basi arudishe. Jasho lake limepotea, ndiyo, na inauma, hasa kwa mtu aliyefunga. Ila yeye ndiye aliyeukubali mkataba wa matokeo, na alipandisha bei kwa sababu hiyo.

Mafundi, sikilizeni hapo. Mteja akikuambia "itengeneze isizime," usijibu sawa kwa haraka. Mwambie: "Kutafuta ni elfu kadhaa kwa siku, nipate nisipate." Hiyo ni ijara, na mwisho wa siku unalipwa hata kama ngamia hajaonekana. Au mwambie: "Nikipata unanipa kubwa, nisipopata sidai." Hiyo ni juala. Zote mbili ni halali. Kinacholeta ugomvi ni kuingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine. Mteja anadhani ananunua uponyaji, fundi anadhani anauza siku yake. Na kwenye juala yaandikeni matokeo, hata kwenye meseji tu. "Imewaka" siyo matokeo kwa pikipiki inayozima, maana tatizo lake halikuwa kuwaka. Semeni: iende Ifakara na kurudi siku mbili mfululizo bila kuzima, ndipo pesa itoke. Na wewe mwenye pikipiki, ukibadilisha mawazo katikati ukaichukua pikipiki yako wakati fundi ameshaanza kazi, vitabu vyetu vinakutaka umlipe ujira wa mfano wake kwa alichokwisha kukifanya. Siyo unamwachia fundi mikono michafu unaondoka.

Yule mzee wa baiskeli je? Kwa hukumu hana haki ya kudai chochote, kwa sababu hakuna aliyemwajiri wala aliyetangaza zawadi. Waliokosea wamelipwa kwa sheria au kwa makosa, na aliyepatia hana dai. Ndivyo hukumu zilivyo, zinapanga madai ya watu, hazipangi shukrani zao. Ndugu yetu akijisikia kumpelekea tende za futari, anaijua nyumba yake.

Nimemweka wa mwisho fundi wa pili, kwa sababu yeye ndiye mwenye kununiwa, na kwake ndipo pana jambo.

Alisema: "Koili imekufa, nimeipima." Hakuwa na kipimo. Hili halibishaniwi, mwenyewe amelikubali mbele ya wazee wawili. Anasema aliisema hivyo kwa sababu ameshaona koili nyingi za Honda hizi zikifa kwa dalili zile, na alikuwa na hakika moyoni. Namwamini kwamba alikuwa na hakika. Na nimeshasema dhana yake haikuwa ya kijinga. Basi kosa lake liko wapi? Liko kwenye neno moja, "nimeipima." Laiti angesema, "Naona ni koili," tungemweka pamoja na wa kwanza na tungefunga darsa.

Mnaikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni kwa muuza nafaka, akaingiza mkono kwenye rundo, vidole vikatoka na unyevu? Sisi wa bonde la Kilombero hatuhitaji kufafanuliwa hadithi hiyo, tunajua gunia la mpunga lililokauka juu na kuloa katikati. Nafaka ile ilikuwa nafaka kweli, na mwenyewe alisema imenyeshewa na mvua. Kilichomtoa katika mwenendo wa Mtume ni kuifunika iliyoloa kwa ile kavu. Fundi wetu alikuwa na dhana mbichi, akaifunika kwa neno kavu. Mteja akanunua kwa lile neno. Laiti angeambiwa "naona," huenda angesema ngoja kwanza nikusanye pesa, au tujaribu koili ya kuazima siku moja kabla ya kununua. Nafasi ya kuchagua ndiyo aliyonyang'anywa. Ghushi hukaa hapo hata pale mtu anapokuwa amepatia. Nami nasema hata kama koili ingekuwa ndiyo tatizo kweli na pikipiki ingepona, neno lile lingekuwa uongo na tungemtaka atubu. Rudi kwenye kibla.

Kuhusu pesa, rai yangu ni hii. Ujira wa kupima hakuustahiki, kwa sababu kupima hakukufanyika, aurudishe. Koili mpya ni nzima na iko kwenye pikipiki, na ile ya zamani nayo imeonekana nzima. Basi akubali kuirudisha mpya kwa bei ile ile, airudishie ya zamani bila kudai ya kazi. Mwenyewe nimeongea naye, hakubisha.

Lakini sijamaliza, maana kuna mtu hajaguswa hapa, naye ni wewe na mimi tunaopeleka vitu kwa mafundi. Hebu niambie, fundi akikuambia "sijui", unafanya nini? Unamsikiliza, unatikisa kichwa, unaondoka kwenda kwa mwingine, na njiani unasema, "Fundi gani yule, hajui hata kazi." Fundi wa kwanza alisema sijui. Ndugu yetu hakurudi kwake tena! Mtu pekee aliyesema kweli ndiye aliyekimbiwa. Tukamwendea aliyesema "nimeipima" kwa sauti nzito. Siwatetei waongo, aliyedanganya kadanganya, na hakuna mteja atakayembebea mzigo wake. Ila soko likilipa uhakika wa uongo na kuunyima chakula ukweli wa "sijui", tusishangae kijana wa gereji mwenye watoto watatu akijifunza haraka kipi kinamlisha.

Imam Malik wa Madina alikuwa akiletewa maswali kutoka mbali, watu wamesafiri miezi, na mengi katika hayo akijibu kwamba hajui. Hakuna aliyesema Malik hajui kazi. Mbona kwa daktari, kwa mwalimu, kwa sheikh na kwa fundi tunataka jibu kabla mtu hajainama kutazama? Na katika Sunan Abi Dawud tunayo hadithi inayomtia dhamana mtu anayetibu ilhali hajulikani kwa utabibu. Sisi tunamtaka atibu hivyo hivyo, tena haraka, magharibi imekaribia.

Basi ukiwa na pikipiki ya kuzima, msaidie fundi asibahatishe. Ikizima njiani usianze kufungua kila kitu. Kwanza legeza mfuniko wa tangi taratibu usikilize. Ikivuta hewa, umepata. Isipovuta, legeza skrubu ya chini ya kabureta uone kama mafuta yanatoka. Yakitoka, tatizo si mafuta, toa plagi pale pale injini ikiwa bado ya moto uone cheche, kwa sababu ikishapoa ushahidi unaondoka. Tikisa waya za shingoni, maana hukatikia ndani ya plastiki kwa kugeuza usukani. Kisha nenda gereji ukamwambie fundi ulichokiona, siyo ulichokisia. Na badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mkibadilisha vitatu pamoja ikapona, hamjui kilichoponya, na mwenye pikipiki amelipia viwili bure.

Kuhusu kununiana. Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza salamu. Kudai haki yako hakukulazimu ununе. Dai pesa yako, na msalimie. Vyote viwili vinaingia katika mdomo mmoja. Fundi yule ameniahidi atasema kwa ulimi wake, "Sikupima." Akishasema, wewe uliyeuliza, mkono wako usikawie.

Limebaki dogo ambalo hakuliuliza, nimeligundua mwenyewe katika kuulizauliza. Kabureta ya zamani iko wapi? Mafundi wengi mna kopo la chini ya meza, spea zote mlizotoa kwa watu zinaingia humo. Plagi iliyokufa, mpira uliokatika, washa zilizochakaa, desturi inajua kwamba mteja haviulizi, na desturi ina nafasi yake katika hukumu. Lakini koili, kabureta, betri, hivyo ni mali ya mwenye pikipiki mpaka aseme vichukue. Usingoje akuulize, mpe mkononi.

Fundi wa tatu hakumpa. Kabureta ya marehemu aliisafisha kwa petroli, akaiuza kwa mtu wa Sanje, na inafanya kazi vizuri mpaka leo. Nimemtaka ampigie simu mwenye Honda kabla ya futari ya leo, wakubaliane bei yake.

Wabillahi tawfiq.